Jino la Mwisho la Dada Jeom-rye

Oktoba 19
Leo tumeanza kumenya. Matunda ya persimoni mwaka huu ni makubwa na ngozi yake nyembamba, kisu kinatembea chenyewe. Dada Jeom-rye amemenya mia mbili na kitu kabla ya chakula cha mchana. Mimi nimemenya mia moja na kumi, na kumi kati ya hizo amezikataa kwa sababu nilikata kikonyo. Persimoni isiyo na kikonyo haitundikiki ikauke. Ameyasema hayo bila kuinua macho, kama anavyoyasema kila mwaka.

Naandika kwa sababu Daktari Ok, daktari wa meno wa pale mjini, ameniambia niandike. Mwezi wa Julai alinichimbia skrubu mbili kwenye taya la chini, upande wa kulia, mahali palipokuwa na magego, na sasa tunangoja mfupa uzishike kabla ya kufunga meno juu yake. Anataka nieleze nakula nini na kama panauma. Hapaumi. Habari za kinywa changu zimeishia hapo, na daftari lina kurasa themanini, basi nitaandika na za kinywa cha dada yangu. Hapa nyumbani tupo wawili tu. Yeye ni mjane, mimi nilifiwa na mke, na hakuna kati yetu aliyejaliwa mtoto.

Dada ana miaka sabini na tisa na jino moja, chonge ya chini, kushoto. Juu ana meno ya bandia yanayokaa vizuri, lakini ya chini huelea, kwa hiyo huyaacha kwenye bakuli. Serikali humsaidia kila aliyetimiza miaka sitini na mitano kupandikiza meno mawili, mara moja maishani, ila sharti awe bado na walau jino moja la kwake. Kibogoyo kamili hahesabiwi. Nimefanya kazi posta miaka thelathini na moja na nimebeba barua nyingi za serikali, sikuzoea kuuliza waliwaza nini walipoziandika. Daktari Ok alimwambia dada kwamba jino hilo ndilo kitambulisho chake, alilete likiwa limesimama siku ya kuandikishwa. Dada akasema hatakwenda popote mpaka persimoni zitundikwe na kimchi ya majira ya baridi, kabichi yetu ya kuchachusha, iingie mitungini. Amepewa Desemba 4.

Ni mtu asiyejitakia kitu, lakini meno hayo anayataka. Katika kijiji hiki hakuna anayefunga persimoni zake kavu kwenye maboksi kabla dada hajaziuma. Kila nyumba humletea moja kutoka kwenye kamba zao. Anaing'ata, anatulia na kuangalia ukuta, kisha anasema, "Siku nne bado," au, "Toa leo." Kazi hiyo aliirithi kwa mama yetu. Mwaka jana, akiwa na meno mawili yanayocheza, aliziambia nyumba tatu zitoe, na persimoni zao zikaota ukungu ndani ya maboksi kabla ya Mwaka Mpya. Hakuna aliyemlaumu. Waliendelea kumletea mboga na kumsalimia kwa heshima, naye hakulala siku nyingi.

Jino lipo.

Oktoba 20
Tumemenya. Jino lipo.

Oktoba 21
Tumemenya. Mgongo unauma. Jino lipo.

Oktoba 24
Jirani yetu Mama Sang-cheol amekuja kusaidia kutundika. Ana miaka sitini na minane na ulimi wa miaka ishirini. Amenitaka nifungue mdomo aone skrubu, kisha akasema hajawahi kuona mzee wa posta mwenye bolti kama trekta. Nikafunga mdomo. Akamgeukia dada.

"Na wewe Dada unataka kufungwa bolti? Jino la pembe si dawa ya pengo, wazee walisema."

"Pengo ni langu na pembe hukuninunulia wewe," dada akamjibu. "Tundika."

Wamecheka wote wawili. Dada akicheka hufunika mdomo kwa mkono wenye kisu, na mimi hutazama pembeni. Jioni alikata kimchi yake kwa mkasi vipande vidogo mno, akavimeza na uji. Jino lipo.

Oktoba 29
Tumemaliza. Kamba mia moja na sitini zinaning'inia kibandani. Juu kabisa ya mti tumewaachia kunguru wenye tumbo jeupe persimoni tano, kama desturi.

Barua ya uchunguzi wa afya imefika leo. Zamani niliwapelekea watu barua za namna hii na niliweza kuzijua kwa unene wa bahasha. Yangu ilikuwa nene. Pafu la kushoto lina kivuli, niende hospitali ya Daegu nikakatwe kinyama kidogo kipimwe. Nimeiweka chini ya mkeka. Sikumwambia dada, ana persimoni za kuwaza. Jino lipo.

Novemba 3
Mvua, tena ya joto. Persimoni zinataka baridi na upepo. Joto na mvua huzitia ukungu. Tumefungua mbao zote za kibanda na kuwasha feni mbili. Jino lipo.

Novemba 4
Mvua. Lipo.

Novemba 5
Mvua. Dada amelala kibandani. Nilimwambia feni haihitaji mlinzi. Akaniambia nami sihitajiki kule, nikalale. Lipo.

Novemba 6
Mvua imekatika. Tumepoteza kamba sita.

Mama Sang-cheol amekuja na kidude ambacho mwanawe amemletea kutoka Seoul. Ni kipima unyevu, kina sindano mbili. Unaichoma persimoni nacho kinaandika namba. Ameeleza mengi kuhusu namba hizo, huku akimwangalia dada kwa woga. Dada amekipokea kwa mikono miwili, akakisifu, akakirudisha. Alipoondoka jirani, dada aliosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nilimwonea huruma, nikasema kesho kutakuwa na upepo. Jino lipo, ila linacheza. Nimemwona akilisukuma kwa ulimi.

Novemba 11
Dada ana jambo. Asubuhi ameniuliza kama nalala vizuri. Hajawahi kuniuliza hivyo tangu mke wangu alipofariki. Kisha amenipikia uji wa mbegu za msonobari, ambao hapa nyumbani hupikiwa wagonjwa, na nilipochukua ngazi nikasafishe mfereji wa paa akaniamuru nishuke.

"Nina miaka sabini na minne, si saba," nikamwambia.

"Wewe ni mdogo wangu. Shuka."

Nimeshuka, nimeudhika. Uzeeni watu wanakuwa wasumbufu, na naona zamu yake imefika. Jino lipo.

Novemba 15
Baridi njema. Ngozi za persimoni zimeanza kukaza. Dada bado ananitazama ninapokula. Lipo.

Novemba 22
Siku ya kimchi. Wanawake saba uani, kabichi mia mbili, glovu nyekundu hadi viwikoni. Dada ndiye aliyeonja viungo, na kwa kuonja chumvi na pilipili hahitaji meno. Hapo bado ni malkia. Akisema "dagaa zaidi," wote wanaongeza. Mchana tumekula nyama ya nguruwe ya kuchemsha. Nyama hakuigusa, alimeza chaza wabichi watatu tu. Nikamwambia ahifadhi kitambulisho chake, zimebaki siku kumi na mbili. Hakucheka. Jino lipo.

Novemba 26
Kesho naenda Daegu. Nimemwambia dada nakwenda kutafuta koti. Akasema koti zuri linataka kutafutwa siku mbili, nikalale kwa rafiki yangu wa posta. Nilishangaa amejuaje kwamba nitalala huko, lakini sikuuliza. Amenifungia matonge kumi ya wali, kama vile Daegu hakuna chakula. Lipo.

Novemba 27
Wamenikata kinyama. Naandika nikiwa nimelala ubavu, kwa hiyo mwandiko ni mbaya. Majibu Desemba 5.

Novemba 28
Jino halipo.

Nimerudi saa nane mchana nikiwa nimevaa koti nililonunua kwa haraka karibu na kituo cha basi. Dada alikuwa uani akigeuza persimoni. Amesifu koti. Aliposema neno la pili nikaona kwamba mdomo wake wa chini umeingia ndani, na nikamwambia afungue kinywa. Hakutaka. Nikarudia kwa ukali, na akafungua. Pale palipokuwa na chonge pana shimo jeusi, na ufizi umevimba.

Anasema alikuwa anakula kimchi ya figili na jino likabaki kwenye figili.

Figili. Mtu ambaye mwezi mzima hakula hata tambi bila kuikata kwa mkasi, ambaye chaza anammeza mzima, siku sita kabla ya kwenda kuandikishwa ameuma kipande cha figili. Nimemwambia hayo yote. Nimemwambia pia kwamba mwaka jana watu waliunyamazia ukungu wao kwa ajili ya kumheshimu, na mwaka huu watatumia kidude chenye sindano bila hata kuficha, na atakuwa amejitakia mwenyewe. Hilo la ukungu sikupaswa kulisema. Mwaka mzima sijawahi kulisema. Alibaki amesimama na persimoni mkononi, akaitundika taratibu mahali pake.

Nikampigia simu Daktari Ok. Akauliza kama limevunjika na mzizi umebaki, kwa sauti ya mtu anayetumaini. Nikamuuliza dada. Akasema limetoka lote. Daktari akasema basi sheria haimtambui tena. Anaweza kupata meno ya bandia ya chini, mapya, lakini ya kupandikizwa itabidi ajigharimie mwenyewe kila kitu. Nikasema tutauza shamba la mtoni. Dada alinisikia, akanijia hadi kwenye simu.

"Shamba la baba nilitie kinywani? Nikifa mtanizika nalo? Kata simu."

Nikakata. Nikamuuliza jino liko wapi, maana nilifikiri labda Daktari akiliona anaweza kufanya lolote. Amesema amelirusha juu ya paa.

Watoto ndio wanaorusha meno juu ya paa, ili kunguru alichukue la zamani alete jipya. Mwanamke wa miaka sabini na tisa. Nimeona haya kwa niaba yake, na nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nistaafu. Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini kuna watu wanaopindua ndoo wenyewe.

Novemba 29
Hatuongei.

Novemba 30
Hatuongei. Upepo mzuri.

Desemba 2
Ameniwekea uji mlangoni. Nimeula. Hatuongei.

Desemba 4
Leo ingekuwa siku yake ya kuandikishwa. Alivaa blauzi yake nzuri asubuhi, kwa mazoea au kwa kusahau, akaivua. Niliona kupitia dirishani. Nilitaka kwenda kumwambia nimekosa kusema yale ya ukungu. Sikwenda.

Desemba 5
Kivuli ni kovu. Daktari wa Daegu amesema niliwahi kuugua kifua kikuu, pengine utotoni, kikapona chenyewe bila mimi kujua. Hakuna saratani. Nilikaa kwenye benchi la hospitali mpaka nikaona aibu kuendelea kukaa.

Niliposhuka kwenye basi, Mama Sang-cheol alikuwa kituoni, hana mzigo wala safari. Amenishika mkono wa koti akauliza majibu. Nikamuuliza majibu ya nini. Akaanza kulia pale barabarani, na nikajua kwamba kijiji kizima kinajua. Nikamwambia mimi mzima. Hapo akakaa chini kwenye ukingo wa barabara na kunieleza, na nitaandika alivyonieleza.

Novemba 10 hospitali ilipiga simu ya nyumbani, mimi nikiwa shambani, kuhakikisha siku yangu. Dada alipokea. Usiku huohuo akaota jino lake limeanguka. Kila mtu hapa anajua maana yake: ukiota jino la juu limeanguka, anakufa mkubwa wako, la chini, anakufa mdogo wako. Lake lilikuwa la chini, na katika ukoo wetu aliye chini yake nimebaki mimi peke yangu. Akawaza siku kumi na saba. Akaamua kwamba ndoto ikitimia vilevile alivyoiota, jino lenyewe likaanguka kweli, basi imemaliza kazi yake na haina sababu ya kumfuata mtu. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alilipata mwenyewe.

"Alingoja basi lako livuke daraja," Mama Sang-cheol alisema. "Akaja kwangu na uzi wa hariri. Nilimwambia, Dada, jino hilo ndilo linakupa mawili. Akasema meno yapo mengi duniani. Mimi ndiye niliyevuta, kaka. Mara ya kwanza halikutoka."

Nilikwenda nyumbani taratibu. Dada alikuwa jikoni. Nimesimama mlangoni nikamwambia ni kovu tu, la zamani. Akaendelea kukata vitunguu. Halafu kisu kikasimama.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Wewe uliniambia?"

"Nilitaka usisumbuke."

"Na mimi hivyohivyo."

Nikamwambia jambo ambalo lilikuwa limenijia njiani na ambalo ningeweza kulinyamazia. Nilimwambia kutoka hapa hadi kwa Daktari Ok ni dakika ishirini kwa basi. Angeniambia ndoto yake, ningempeleka Novemba 11, akaandikishwa na jino likiwa kinywani, na Novemba 12 angeling'oa kama angetaka, nami ningemshikia uzi. Angepata vyote viwili.

Niliona limemwingia.

"Sikuwaza meno," akasema. "Nilikuwaza wewe tu."

Nimemwambia anisamehe kwa yale ya ukungu. Akasema ukungu ulikuwepo kweli. Kisha akanitaka nivue koti, limekaa vibaya mabegani, mtu aliyenunua koti hilo alikuwa na haraka.

Desemba 9
Baridi kali. Unga mweupe wa sukari umeanza kutokea juu ya persimoni. Dada amejaribu kuuma moja kwa meno ya bandia ya chini. Yaliganda kwenye persimoni yakatoka nayo. Tuliyatazama yakiwa yameng'ang'ania pale. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, na safari hii hakufunika mdomo.

Desemba 14
Daktari Ok amenifungia meno mawili. Amenipa karatasi niing'ate, akasaga kidogo, nikang'ata tena. Alimuulizia dada. Nilimweleza yote pamoja na ndoto, nikitegemea atacheka, ni msomi. Akavua glovu zake, akasema bibi yake pia aliamini hivyo. Akasema nianze kutafuna vitu laini.

Desemba 19
Nyumba ya kwanza imeleta persimoni. Ni ya Mama Sang-cheol, na alikuja nayo bila kidude chake. Ameiweka sahani mbele ya dada kwa mikono miwili kama kila mwaka, akapiga magoti akangoja. Sikuelewa anangoja nini. Dada aliitazama, akaisogeza sahani mpaka mbele yangu.

"Uma wewe."

Nikasema mimi ni mtu wa barua.

"Peleka basi. Mimi nitasoma. Usitafune. Ingiza jino, simama."

Nikauma kwa yale magego mapya, nikasimama. Akaniuliza ngozi imekatika mara moja au imevutika kwanza. Nikasema imevutika. Akauliza ndani panashika jino au panaliachia. Nikasema panashika. Akauliza pameshika kama gundi au kama tope. Sikujua. Akaniambia niume tena upande wa pili, nifumbe macho, niache kuwaza. Kama tope, nikasema. Akaangalia ukuta.

"Siku tatu bado," akamwambia Mama Sang-cheol.

Jirani akainama akaondoka. Sijui kama kwake aliichoma kwa ile sindano, na sikumuuliza.

Desemba 22
Siku tatu zimetimia. Kama gundi. "Toa," dada akasema.

Desemba 23 hadi 27
Nyumba kumi na nne. Moja nilisema gundi, dada akaibonyeza kwa kidole gumba akaniambia meno yangu ni ya watoto, niume tena. Ilikuwa tope. Taya limechoka. Daktari Ok alisema vitu laini.

Januari 8
Maboksi yote yameondoka, na hakuna lililorudi. Ingekuwepo habari ya ukungu ingekuwa imeshafika.

Theluji imeyeyuka, na dada ameniruhusu kupanda ngazi. Kwenye mfereji wa paa, katikati ya majani yaliyooza, nimelikuta jino. Mzizi wake ni mrefu kuliko nilivyodhani, na uzi wa hariri bado umefungwa shingoni mwake, mafundo matatu. Mama Sang-cheol alisema mara ya kwanza halikutoka. Hakusema lilitoka mara ya ngapi.

Nilisimama juu ya ngazi nikiwa nalo kiganjani. Mimi siamini ndoto. Kivuli kile kilikuwa kovu hata kabla dada hajaota, najua, nimeona karatasi. Lakini sina namna ya kumthibitishia mtu yeyote kwamba nimepona bila msaada wa jino hili, na leo nimegundua kwamba sitaki hata kuthibitisha.

Niliufungua uzi, nikalirusha jino juu zaidi, mpaka kwenye kigongo cha paa, nikayasema yale maneno ya watoto: kunguru, kunguru, chukua la zamani, lete jipya.

"Unaongea na nani huko?" dada akauliza kutoka jikoni.

"Na kunguru."

"Mwambie mawili," akasema.